Miguu ya Mzee wa Ukuta

Miguu ya Mzee wa Ukuta ilikuwa mirefu kupita haja yake. Akikaa kwenye kibanda changu ilitokeza upande wa pili wa meza, na wateja wengine wakalazimika kula githeri wakiwa wamejikunja. Lakini miguu hiyo haikuwa na kazi kibandani. Kazi yake ilikuwa juu ya timbo, pale njia ya kushukia inapoanzia. Asubuhi ambayo ukuta wa mawe haukumpendeza, mzee huyu aliketi chini katikati ya njia, akainyoosha miguu yote miwili ikafunga upande hadi upande, akavuta kofia machoni. Wanaume hamsini wenye nyundo, tindo na mitaimbo walisimama mbele yake wakilaani. Hakuna aliyeruka. Kwetu, uwe wa kabila gani, huruki miguu ya mzee aliyekaa. Hata mlevi huzunguka, na pale hapakuwa na pa kuzungukia.

Timbo letu liko nje ya mji wa Nakuru, ukiiacha barabara ya Subukia na kufuata njia ya malori. Hulioni mpaka uwe ukingoni. Ardhi inakatika ghafla, na chini kabisa unaona watu wadogo, weupe kwa vumbi, wakikata mawe ya kujengea. Kibanda cha chai nilikirithi kwa mama yangu pamoja na sufuria zake, na kwa miaka kumi na saba nilimpikia mzee huyu. Nyumba yangu pia iko huko juu, ya mawe, vyumba vitatu, na timbo linaijia kidogo kidogo. Hilo nitalirudia, maana hata nikijaribu kuandika habari za mzee peke yake, mkono unanirudisha kwenye nyumba.

Ofisi ya timbo ilimwita mlinzi. Yeye alijiita daktari. Kila asubuhi, kabla mtu hajashuka, alitembea juu ya ukuta akifuata nyufa za ardhi, ndoo mkononi. Ndani ya ndoo mlikuwa na mavi mabichi ya ng'ombe yaliyokandwa na jivu la jiko langu. Kila ufa aliubandika viraka, kimoja kila baada ya hatua kumi, akavilainisha kwa kiganja. Aliviita bendeji. Udongo mtupu, alinieleza, hukauka ukapasuka wenyewe na kukudanganya, lakini mavi na jivu hayachaniki mpaka kitu kiyachane. Bendeji zikiwa nzima, watu washuke. Moja ikichanika katikati, ukuta umesogea, hata kama ni kwa unene wa uzi, na siku hiyo angeketi njiani.

"Imekataa," alisema, basi.

"Imekataa aje, na jana ilikuwa sawa?" Foreman angeuliza. Foreman wetu, msimamizi wa kazi, alikuwa mtu mnene mwenye simu mbili, na zote zililia kwa wakati mmoja.

"Uliza yenyewe."

Sikumbuki akijitetea zaidi ya hapo. Alikuwa bahili wa maneno kwa kila mtu ila mimi, na hata mimi nilipata machache, mengi yakiwa ya kunitania. Aliniita Mama Sufuria. Watu wengine wote waliniita Mama Shiru, kwa jina la binti yangu, lakini yeye alisema sufuria zilikuwa na umri mkubwa kuliko Shiru kwa hiyo ndizo kifungua mimba. Chai yake ilikuwa na vijiko vitano vya sukari. Ukimwekea vinne alijua, akakutazama kwa huzuni mpaka ukaona aibu. Kila kikombe, kabla ya kunywa, alimwaga tone moja chini. Nilimuuliza, yeye mtu wa kanisa, ni nani anamwagiwa chai. Akasema hakuna, ni vumbi tu analituliza.

Vituko vyake vilikuwa vingi. Mtu huyu aliyetembea kila siku ukingoni mwa shimo lenye kina cha minara miwili ya kanisa aliogopa ngazi. Aliwahi kupelekwa mjini kuonwa macho, na daktari alikuwa ghorofa ya pili. Mzee alifika ngazi ya tatu, akashika ukuta, akarudi. Mwishowe daktari alishuka na kumpima macho kwenye korido, katikati ya watu wanaosubiri boda boda. Nilipomcheka aliniambia kule timboni anajua kilicho chini ya miguu yake, lakini ile ghorofa hajui nani aliyasikiliza mawe yake.

Na aliyelinda mawe maisha yake yote aliishi kwenye nyumba ya mabati. Watu walidhani ni umaskini. Nilimuuliza siku moja mbona asijengewe hata chumba kimoja cha mawe, na wenzake wangembebea bure.

"Bati ikikuangukia," akasema, "unaamka."

Tulicheka sana. Nilirudia maneno hayo kwa wateja kwa miaka, kama mzaha.

Usidhani aliyachukia mawe. Mjini alitembea akiangalia juu, akigonga pembe za majengo kwa kifundo cha kidole, akisikiliza. "Hii ilitoka kwetu," angesema mbele ya duka kubwa, kwa sauti ambayo wengine huitumia wakionyesha watoto wao. "Line ya chini, ile mwaka ya mvua mingi." Wodi niliyojifungulia Shiru aliijua. Alisema mawe yake aliyasikia yakitoka, yaliitika vizuri, hayakuwa na ufa wa ndani. Nilimwambia siku ile nilikuwa na mambo mengine ya kusikia. Halafu akaniuliza kama nalijua shimo la wodi ile. Sikuelewa. Akanieleza kwamba lile bwawa la maji ya kijani nyuma ya kanisa letu, ambalo lilimeza ng'ombe wawili na ambalo watoto hukatazwa kwenda, ndilo. Jengo lile lilitolewa pale. Kila jengo alilolisifu alilijua na shimo lake, na mengi ya mashimo hayo yalikuwa wazi bado, yakingoja maji. Tangu siku hiyo kila nikipita hospitali naliona bwawa, na sikumshukuru kwa hilo.

Kuna kijana alikuja mara moja, wa mambo ya mazingira, amevaa fulana ya kijani. Alituitishia mkutano kibandani mwangu akatuambia dunia imechoka, tuache kuchimba, tupande miti. Wanaume walianza kunung'unika. Mzee wa Ukuta akainua mkono.

"Kijana yuko sawa," akasema. "Tuanze na yeye. Boss, weka simu kwa meza."

Kijana akaweka, akitabasamu.

"Hiyo yote imetoka kwa shimo ya mtu mahali. Weka saa. Weka funguo ya pikipiki, na pikipiki yenyewe usiiguse. Miwani ni mchanga, toa. Zipu toa. Githeri umekula ilikuwa na chumvi, hiyo tutakusamehea. Stima ya kuchaji simu inatoka kwa mvuke wa chini ya ardhi, Olkaria, na ukienda nyumbani barabara ni kokoto, kwa hivyo pitia kwa nyasi."

Kibanda kizima kilivunjika mbavu. Kijana naye alicheka, huku ameshika suruali. Lakini mzee hakucheka. Alimrudishia vitu vyake kimoja kimoja, akampangusia miwani kwa shati lake, kisha akasema polepole, "Lakini hajakosea. Kuchimba tutachimba, hakuna mtu atalala kwa nyasi. Shida ni moja. Hakuna mtu amefunzwa kusema imetosha." Watu walimaliza chai yao, wakashuka kazini. Nadhani ndiyo hotuba ndefu kuliko zote alizowahi kutoa.

Nilipoanza kujenga, alikuja bila kuitwa. Nilikuwa nimefunga kamba za msingi kwenye kipande nilichoachiwa na mama, na mawe yalikuwa ya kasoro, yaliyokatika pembe, ambayo Foreman aliniruhusu kuyaokota. Nilijisikia tajiri. Mzee alikwenda mpaka ukingoni mwa timbo, akageuka, akaanza kutembea kuja kwangu akihesabu kwa sauti. Alipoikanyaga kamba alikuwa amefika mia mbili na kumi na mbili.

"Ungesogea huko kwa barabara," akasema.

"Mzee, huko kwa barabara kuna wenyewe."

"Basi nitakuwa nakuhesabia."

Na alihesabu. Kila mwaka mpya, baada ya ibada, alikuja na suti yake ya kahawia akatembea kutoka ukingoni mpaka mlangoni kwangu. Mia na tisini. Mia hamsini na moja. Mia na nane. Mimi nilisimama mlangoni nikimtania kwamba ananihesabia siku. Ndani ya moyo nilijifariji kuwa miguu yake ni mirefu, kwa hatua za mtu wa kawaida zingekuwa nyingi zaidi. Nyumba ile niliijenga chumba baada ya chumba kwa miaka tisa. Ningekwenda wapi?

Sasa nieleze siku ya chai, ambayo ningependa kuiruka.

Ulikuwa msimu wa mvua, na ukuta ulikuwa umekataa siku tatu mfululizo. Mzee alikaa njiani na gunia mabegani, matone yakidondoka kwenye ukingo wa kofia. Mawe yalikuwa yakingojewa kwa madarasa ya shule, malori yamepangana mpaka njia panda. Wanaume walilipwa kwa jiwe walilokata, na siku tatu hawakuwa wamekata. Githeri yangu ilichacha mara mbili nikaimwaga. Nilikuwa na hasira naye, nakiri. Nilimwona mzee mkaidi anayeona raha kuzuia watu. Siku ya nne Foreman akaingia kibandani, simu zote mbili amezizima, na hapo nikajua mambo ni mazito.

"Mama Shiru, sisi ametukataa. Wewe ndio anasikiza. Hatutaki umwambie kitu. Mwite tu chai."

Nilijua vizuri anachoniomba. Niliweka vijiko vitano, nikaongeza cha sita, nikatoka na kikombe mpaka mlangoni mwa kibanda ili aone mvuke.

"Mzee, kuja unywe chai! Utashikwa na baridi hapo!"

Alinitazama kwa muda. Nyuma yake watu walisimama, nyundo mikononi.

"Ni wewe unaniita?"

"Ni mimi."

Akakunja mguu mmoja, kisha mwingine. Akasimama kwa kushika goti, akaja. Kabla hajafika mezani nilisikia viatu vyao vikishuka, vingi, kwa haraka, na yeye alivisikia. Hakugeuka. Alimwaga tone lake chini, akanywa kikombe chote mpaka kwenye machicha ya majani, akakiweka.

"Leo iko tamu sana," akasema.

Ukuta haukuanguka siku ile. Jioni walipanda wakiimba, wakampita mzee wakimgonga bega kwa utani, na mimi nilicheka nao kwa jinsi nilivyofarijika. Kesho yake Foreman alimwambia apumzike nyumbani, amezeeka. Ndoo yake ilibaki nyuma ya kibanda. Bendeji zikachanika moja baada ya nyingine, na mvua ikazisomba, na hakuna aliyezihesabu.

Siku ya tisa baada ya chai ile, saa ya chakula cha mchana, watu wote walikuwa juu kwangu wakila. Wafula, kijana wa Bungoma aliyekuwa akila sahani mbili na kuomba mchuzi wa tatu, alikumbuka ameacha sweta chini, akashuka kuichukua. Tulisikia mlio tukadhani ni lori linamwaga kokoto. Kisha vumbi likapanda kutoka ukingoni, likaja taratibu mpaka kwenye sahani. Walimtoa karibu na magharibi. Sahani yake ya pili nilikuwa nimeshaipakua.

Mimi ndiye niliyeikunja ile miguu. Foreman aliomba, wanaume walishuka kwa hiari yao, mvua ilinyesha, hayo yote najua. Lakini mzee asingemwachia mwingine yeyote njia ile. Sijawahi kulisema hili kwa mtu, na Mzee wa Ukuta hakuwahi kuniambia hata neno moja. Baada ya mazishi alikuja kibandani kama kawaida, akanyoosha miguu chini ya meza. Nikamwekea chai. Akaisukuma pembeni kwa upole, akasema siku hizi tumbo halitaki maziwa. Kesho yake nikampikia ya rangi. Akasema halitaki majani. Nikamletea maji moto na sukari. Akasema ameshiba. Angenitukana ningepona. Mwisho wa mwezi binti yake aliyeko Subukia alikuja kumchukua, na mwaka mpya uliofuata hakuna mtu aliyenihesabia.

Timbo lilifungwa kidogo, likafunguliwa na mwenye pesa mwingine, aliyekuja na mashine. Siku hizi mawe hukatwa kwa msumeno wa duara kubwa kuliko gurudumu la trekta, na yanatoka yamenyooka. Mji unayataka. Maghorofa yanapanda, barabara zinapanuliwa, na sijui nimwambie nani aache. Mashine ikifanya kazi, maji kwenye ndoo yangu yanatetemeka. Mwaka juzi nikaona ufa sebuleni, juu ya kiti cha Shiru. Fundi aliuziba kwa simiti. Ukarudi, akauziba. Mara ya tatu tulipaka rangi, nikatundika kalenda juu yake, na nikawa napangusa kalenda ile kila Jumamosi bila kuisogeza.

Alikuja msimu huu wa mvua, Jumamosi, saa nane mchana, nyuma ya boda boda. Sikumjua mpaka nilipoona magoti. Alikuwa amekonda, jicho moja limeingia ukungu, na alishika mkongojo.

"Niaje, Mama Sufuria."

Nilimshika mkono nikaanza kulia pale njiani, na yeye akangoja nimalize.

"Nimekuja kuhesabu," akasema.

Nilimpeleka ukingoni nikiwa nimemshika kiwiko. Msumeno ulikuwa unalia chini. Aligeuka, akaanza kutembea. Moja, mbili, tatu. Nilitamani atembee mwaka mzima. Alipofika mlangoni alisema thelathini na nne, akapumua kwa nguvu, na mimi nikaangalia miguu yake, nikaona kitu ambacho sikukitaka. Hatua zake zilikuwa zimefupika, nusu ya zile za zamani, hatua za mzee anayeburuta viatu. Yeye pia alijua.

Tuliingia ndani. Shiru alikuwa kwenye kiti chake akisoma, yuko kidato cha pili sasa. Mzee alizunguka sebule akigonga kuta kwa kifundo cha kidole, jiwe kwa jiwe, mawe ambayo alikuwa akiyajua tangu yakiwa chini timboni. Alipofika kwenye kalenda aliinyanyua kwa ncha ya mkongojo. Ufa ulikuwa wazi tena. Kidole changu kingeingia.

"Nani alifunga hii bendeji?"

"Fundi. Ni simiti."

"Simiti haisemi kitu. Inakunyamazia tu."

"Mzee, nimejenga miaka tisa." Sauti yangu ilitoka kali kuliko nilivyokusudia. "Unataka niende wapi? Karagita, nipange chumba kimoja kama msichana wa shamba la maua?"

Aliiachia kalenda. Nikasema basi ngoja nilete chai, nikatoka kwenda jikoni, ambako kwangu ni nje, kwa sababu sikutaka kubaki pale na ule ufa. Nilijua hatakunywa. Nilipika hivyo hivyo, nikaweka vijiko vitano, uso wa chai ukitetemeka kwa sababu ya ile mashine.

Niliporudi, Shiru alikuwa amesimama uani, vitabu vimemjaa kifuani, hana viatu.

"Mum, Guka amesema nitoke." Ndivyo alivyomwita mzee, babu.

Mzee wa Ukuta alikuwa ameketi kwenye kizingiti changu. Mgongo ameuegemeza kwenye mwimo wa mlango, mkongojo mapajani, na miguu ameinyoosha kukatiza mlango mzima, mpaka viatu vikagusa mwimo wa pili. Kofia ilikuwa machoni.

"Imekataa," akasema.

Nyuma yake niliona sebule yangu. Viti, televisheni, picha ya mama, kalenda imepinda. Nilisimama na kikombe. Hakuna jirani aliyekuwa akitazama. Nilikuwa mama wa watu, mwenye nyumba, na mzee huyu hakuwa na nguvu ya kunizuia hata kwa mkongojo. Niliinua mguu, kweli niliuinua. Kisha nikamkumbuka Wafula, nikaurudisha chini.

Nilimpa kikombe. Nilijua njia moja tu ya kumwondoa mtu huyu mlangoni, na ilikuwa mkononi mwangu, na yeye alijua. Alikipokea kwa mikono miwili. Alimwaga tone chini, akanywa, kwa mara ya kwanza tangu siku ile, akanywa mpaka mwisho. Hakuikunja miguu.

"Ongeza sukari," akasema. "Leo sitoki."

"Mum," Shiru akasema, "charger yangu iko ndani. Na viatu. Dakika moja tu."

Nikaketi upande wa pili wa kizingiti, nikaegemea mwimo, nikainyoosha miguu yangu kando ya ile ya mzee. Ni mifupi, lakini ilifika. Shiru alitutazama, miguu minne mlangoni. Alisogea mpaka karibu kabisa, akasimama, na hakuruka.